Tochi ya Polycarpe

Simu ilikuwa ya moto, na ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Kyakimwa aliishika pale kibandani kwake pa kutengenezea simu, Bihambwe, kisha akanusa vidole vyake. Vilinuka tope la shimoni. Alishachoka, kila aliyeshindwa na simu au na shetani alikuja kwake, kana kwamba kujua simu ni upadri.

"Ni ya bwana yangu Polycarpe," Kahambu alinong'ona. "Shimo ya madini ya Omate ilimufunika, simu tu njo ilirudi. Sasa tochi inajiwakisha, inasema na sauti yake. Inaita mama yake aende kule mu shimo. Siku ine mama hayakula kitu."

Mama mwenyewe, Anastasie, alikaa kwenye benchi, viatu vya safari mguuni.

Kyakimwa akaiwasha, akafungua programu ya tochi. Ilikuwa na ruhusa ya kusikiliza, ya kusoma majina, ya kujua ulipo. "Tochi inatafuta nini ku mikro?" akanung'unika. Simu mpya ungeiondolea ruhusa moja moja. Hii ya zamani, ukishakubali siku ya kwanza umekubali yote, na dawa ni kufuta programu nzima.

Taa ikawaka yenyewe. "Mama Anastasie," ikasema sauti ya marehemu, "kuya."

Mama akasimama. Kahambu akamshika mkono. "Mama, sikia muzuri! Polycarpe hakuwaka anakuita na jina yako. Alikuwa anakuita Mama Sombe, yeye peke yake, juu ya ile majani ya muhogo unapikaka. Hii kitu inajua tu yenye inasikia mu nyumba, vile majirani wanakuita."

Mama akalia kilio cha mtu aliyechoka kutumaini. "Ni kweli," akasema. "Futa."

Kyakimwa akafuta, akatoa na betri, akaitupa simu juu ya rafu. Harufu ikaisha. Mama akavua viatu. Kahambu akafungua bugali aliompikia mama upya na kumbebea kitambaani kila siku kwa siku zote nne, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Tonge lilikuwa bado mkononi mwa mama pale simu ile isiyo na betri ilipotoa mwanga mweupe rafuni, na harufu ya tope ikajaa kibanda kizima hadi wakashindwa kupumua, na Kyakimwa akakumbuka, akiwa amechelewa, kwamba jina lile walilitaja kabla hawajafuta programu, tena kwa sauti, mbele ya simu.

"Mama Sombe," ikasema, "nimechoka kukungojea."

Mama Anastasie akaweka tonge chini, akaanza kutafuta viatu vyake.