Mwamba wa Bibi na Kichanja cha Magese

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jenipha alikuwa na kazi mbili: kufagia uwanja na kufukuza mbuzi mwambani. Kufagia alifagia kwa sababu aliamriwa. Kufukuza mbuzi alikupenda. Nyuma ya nyumba yao pale Dutwa palikuwa na mwamba mpana wa kijivu, na juu yake Bibi Felisita, mama mzazi wa baba yake, alianika michembe kila msimu wa viazi. Viazi vitamu vilimenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikatandazwa juani mpaka vikauke kabisa. Mbuzi wa jirani waliujua msimu huo kuliko hata wenye viazi.

"Mwangaluka, Bibi," Jenipha alisalimu kwa Kisukuma, fimbo mkononi.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Leo mbuzi wamekula kidogo tu."

"Waache wale hicho kidogo," alisema Bibi huku akigeuza vipande kwa mikono yake miwili. "Hata wao wanajua penye michembe mitamu. Umewahi kumwona mbuzi akihangaika na michembe ya dukani?"

Jenipha hakuwahi. Basi neno hilo aliliweka moyoni pamoja na maneno yake mengine, maana alikuwa nayo mengi. Aliamini kwamba katika chai ya maziwa sukari lazima itangulie, la sivyo chai imeharibika. Aliamini kwamba mvua ya kweli hutoka upande wa Lamadi, na kwamba ikitoka kwingine hayo ni manyunyu. Aliamini kuwa baiskeli nyekundu hukimbia kuliko nyeusi, ingawa baba yake, Zengo, alikuwa fundi baiskeli na alishamwonyesha mara mbili kwamba mambo yote yako kwenye mnyororo. Jenipha alitazama mnyororo, akaitikia kwa adabu, na kesho yake akaendelea kusifu baiskeli nyekundu. Akishashika neno, hata kupe alikuwa rahisi kubanduka kuliko yeye.

Lakini neno lililokuwa juu ya yote lilikuwa hili la Bibi: mchembe wa kweli ni wa mwambani.

Mwaka huo darasa la sita lilipangiwa kupeleka michembe kwenye maonesho ya shule mjini Bariadi. Mwalimu Honorata alimchagua Jenipha awe msemaji mbele ya wageni, kwa kuwa darasa zima lilijua kwamba mdomo wake haukuwa na breki. Jenipha alifurahi mpaka akasahau kunywa uji wake wa saa nne. Furaha hiyo ilidumu mpaka Magese aliponyoosha mkono.

Magese alikuwa mvulana mpole, mwenye kusema kidogo na kutenda zaidi. "Mwalimu, mimi naomba tuanike kwenye kichanja," alisema. "Kichanja cha miti, kirefu kwenda juu, chenye chandarua cha kufunika. Mwaka jana mdogo wangu aliumwa tumbo wiki nzima. Bwana afya alituambia tuache kuanika chini, kwa ajili ya vumbi na vinyesi vya wanyama."

"Kichanja!" Jenipha alicheka. "Michembe ya kichanja haina ladha. Utamu unatoka kwenye joto la mwamba. Mtu yeyote anajua."

"Mimi sijui," alisema Magese.

"Ndiyo maana nakuambia."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Honorata naye alitabasamu. Alikuwa amehamia Dutwa kutoka Bukoba miaka miwili iliyopita, na mpaka siku hiyo alikuwa anasema hakuna chakula duniani kinachofikia ndizi, kwa hiyo watu wenye kushikilia maneno yao hawakumshangaza.

"Sawa," alisema. "Tusibishane kwa midomo. Viazi vya shamba letu tutavigawa mafungu mawili. Fungu moja litaanikwa mwambani, fungu moja kichanjani. Yakikauka tutayapika, na mwonjaji hataambiwa lipi ni lipi. Fungu litakaloshinda ndilo litakalokwenda Bariadi."

"Na mwonjaji awe Bibi yangu," alisema Jenipha haraka. "Hakuna anayejua michembe kama yeye."

Hata Magese alilikubali hilo. Dutwa nzima ilimjua Bibi Felisita na ulimi wake.

Magese alijenga kichanja chake kwa siku nne. Alikata miti, akaifunga kwa kamba za katani, akapanga mabua juu, na mama yake akampa chandarua kikuukuu alichokiziba matundu kwa uzi. Jenipha kila alipopita alikikagua kwa jicho la mtu aliyeombwa kununua ng'ombe mgonjwa. "Kitaanguka," alisema siku ya kwanza. Siku ya pili alisema kitakuwa na kivuli. Kichanja hakikuanguka, na jua lilikipiga kutwa, lakini maoni ya Jenipha yalibaki palepale.

Jumatano ya wiki iliyofuata Bibi Felisita alifika shuleni amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, Bibi," walimsalimu wanafunzi wote kwa pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu. Chakula kiko wapi?"

Mwalimu Honorata alikuwa amepika mafungu yote mawili mwenyewe, yote kwa karanga za kutwanga, yote kwa chumvi ileile. Aliyaweka katika mabakuli mawili ya bati. Chini ya bakuli la michembe ya kichanjani alikuwa amechora msalaba kwa mkaa. Chini ya lile lingine hapakuwa na alama, na aliyazungusha mpaka hata yeye asijue lipi ni lipi.

Bibi alionja hili, akaonja lile. Akarudia la kwanza. Akafumba macho, akatafuna taratibu. Kisha akalisukuma bakuli la kwanza mbele.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo michembe. Hii ni ya mwambani, kama ya marehemu mama yangu. Hiyo nyingine ni ya kichanja, wala msinidanganye."

"Jenipha," aliita Mwalimu Honorata, "wewe ndiye uliyebisha sana. Njoo uinue bakuli alilochagua Bibi, utusomee alama. Ukisoma wewe, nani atabisha?"

Jenipha alikwenda mbele akitembea kama bibi harusi. Aliinua bakuli usawa wa macho, akachungulia chini yake.

Msalaba ulikuwepo. Mweusi, mnene, wa mkaa.

Alimtazama Bibi aliyekaa kwa fahari kwenye kiti cha mwalimu. Akawatazama wenzake. Akaona jinsi watakavyomcheka, yeye na Bibi yake, kuanzia pale mpaka Krismasi. Na kidole gumba chake, kabla hata hajaamua, kilikuwa kimeshapita juu ya mkaa na kuufuta.

"Hakuna alama," alisema. "Ni ya mwambani."

Darasa lililipuka kwa makofi. Bibi alicheka, akajivutia lile bakuli la pili mapajani na kulila taratibu, kwa kuwa kwao chakula hakitupwi hata kama kimeshindwa. Mwalimu Honorata hakuomba kuliona bakuli. Alimwamini, na hilo ndilo lililokuja kumuuma Jenipha zaidi baadaye.

Saa ya kutoka, Magese alimfuata getini. Jenipha alijiandaa kwa ubishi, lakini ubishi haukuja.

"Umeshinda," alisema Magese. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ijumaa nitakivunja kichanja, miti tuifanyie uzio wa bustani. Ila ukienda Bariadi, uwaambie wageni waoshe michembe vizuri kabla ya kupika. Kwa ajili ya watoto wadogo."

Jenipha aliitikia kwa kichwa, akakificha kidole gumba kiganjani.

Alinawa kidole gumba kwa sabuni, kikatakata, lakini roho ilimsuta vilevile. Alhamisi asubuhi alikunywa chai ambayo sukari ilitangulia na hakuona tofauti yoyote. Mbuzi walipanda mwambani wakala watakavyo, yeye akiwa amesimama na fimbo. Shuleni alikiona kichanja, imara, na chandarua chake kilichoshonwa matundu, akageuza uso. Kesho kitavunjwa. Magese atakivunja kwa mikono yake mwenyewe, kwa uongo ambao si wake.

Jioni ile alimkuta Bibi mwambani akikusanya michembe katika ungo kabla umande haujaingia. Alichuchumaa kando yake, akaokota vipande viwili, akavirudisha chini.

"Bibi, nina jambo."

"Nakusikiliza."

"Bakuli ulilochagua halikuwa la mwambani. Lilikuwa na alama. Niliifuta." "Sikutaka wakucheke. Na mimi sikutaka kuchekwa. Kesho Magese anavunja kichanja chake, na kichanja ndicho kilichoshinda."

Bibi Felisita aliweka ungo chini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Jenipha akadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Mjukuu wangu, mimi nilijua palepale."

"Ulijua?"

"Nilipokula lile bakuli la pili, jino langu lilisaga mchanga. Kra! Nikajiambia, Felisita, mchanga huu unaujua. Mchanga huu umeula miaka sitini. Kisha nikaona kidole gumba chako cheusi kama umetoka kuuza mkaa."

"Sasa mbona hukusema?"

Bibi aliacha kucheka. "Hapo nimekosa. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, maana nilishatangaza mbele ya watoto wa watu. Siku ya pili, leo hii, nilinyamaza nikikungoja wewe. Ningeamka kesho hujasema, ningekwenda shuleni mwenyewe. Lakini nimefurahi umenitangulia. Kosa tutagawana, na kesho tutakwenda wote."

"Na mwamba wako, Bibi? Si ulisema utamu unatoka mwambani?"

"Nilisema. Aliniambia mama yangu, naye aliambiwa na mama yake. Hatukuwahi kuanika pengine tukalinganisha. Ulimi wangu wenyewe umenikatalia, nibishane na ulimi wangu?" Alimpa Jenipha ungo aubebe. "Nimeshamwambia baba yako anitafutie miti."

Ijumaa Magese alikuwa ameshafungua kamba ya kwanza walipofika. "Acha," Jenipha alimwambia akihema. "Usifungue nyingine." Akaenda mbele ya darasa, Bibi akiwa mlangoni, akasema yote: msalaba, kidole, uongo. Aliyasema kwa sauti ya wazi bila kujitetea. Alipomaliza alimgeukia Magese.

"Nisamehe. Ulishinda na nikakunyang'anya."

Magese alikuna kichwa. "Nimekusamehe," alisema. "Ila ile kamba utaifunga wewe."

Watu wakacheka, na kicheko alichokiogopa Jenipha siku mbili nzima kilikuwa chepesi kuliko alivyofikiri. Mwalimu Honorata hakucheka upesi. Alimwambia kwamba imani ikivunjwa hurudi kwa kazi, si kwa machozi, na akampa wiki mbili za kuosha masufuria ya jikoni. Kisha akamwacha abaki kuwa msemaji.

Bariadi walikwenda na michembe ya kichanja. Jenipha alisimama nyuma ya meza, Magese kando yake na kichanja kidogo cha mfano alichokijenga kwa vijiti. Mgeni mmoja, mama mnene mwenye miwani, alionja, akaonja tena, akauliza nani aliwashawishi waache miamba yao.

"Mwenzangu huyu," alisema Jenipha. "Mimi nilikataa kabisa. Nilikataa mpaka nikasema uongo." Akamsimulia kisa chote, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki, alimwigiza Bibi akisaga mchanga kwa jino. Watu wakajaa mezani, wakacheka, wakala. Saa nane sufuria lilikuwa tupu. Mwalimu Honorata alilikwangua mwenyewe na kukiri, mbele ya mashahidi, kwamba baada ya ndizi kuna michembe.

Wakati wa kurudi aliwakusanya wanafunzi wake. "Kuwa na maoni ni jambo zuri," aliwaambia. "Mtu asiye na maoni huburuzwa na kila mtu. Lakini maoni ni ya kupimwa. Yakipimwa yakasimama, yashike. Yakianguka, yaache yaende, wala usiutume uongo kuyainua. Kubadili maoni ukishaona ukweli si kushindwa."

Wiki ile ile Zengo alimaliza kichanja cha Bibi Felisita, kirefu, chenye chandarua kipya. Jenipha aliamka asubuhi, akafagia uwanja, akachukua fimbo kwa mazoea. Mwamba ulikuwa mtupu. Juu yake walisimama mbuzi wanne wa jirani, wakinusa jiwe, wakingoja.

"Bibi, njoo uone. Wanatafuta nini? Hakuna hata mchembe mmoja."

Bibi alitoka na kikombe cha chai, akawatazama mbuzi, akaketi mlangoni.

"Waache," alisema. "Wana msimamo wao. Wao wanajua michembe iko mwambani, hata wakifa njaa."