Abiria wa Uwera

Nilikuwa narudi na mkaa, hapa Kinyinya, jua likizama, Uwera alipopiga simu ya video. Desemba giza hutuangukia karibu pamoja, mimi Kigali na yeye Uingereza. Siku hizi hatuna kingine tunachogawana.

Binti yangu anatunza wazee wa watu huko. Bibi yake mwenyewe, asiyeona, namwogesha mimi, na mgongo wangu umekwisha. Uwera hana gari. Huenda nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, simu ameifunga kwenye usukani.

"Mama, nimepata njia nzuri. Kule barabara kubwa malori yangeniua. Hii ya mashambani ni tulivu. Hakuna mtu kabisa."

"Njia isiyo na mtu ina nini cha kusifiwa?"

Akacheka. "Wazungu wanazitafuta hizi, Mama. Wana mpaka ramani zake."

Niliegemeza simu dirishani, nikawasha jiko. Nyuma yake niliona ua wa miti kila upande na mbingu ya kijivu. Mnyororo ulikuwa unalia. Kri... kri...

Akapunguza mwendo, akainamisha kichwa.

"Unamsalimu nani?"

"Mukecuru mmoja, kikongwe, kasimama kando ya ua. Hana viatu, maskini, na baridi hii. Nimempigia keria, nikamwambia panda, bibi. Hakujibu, nimempita."

Baba yake Uwera, Kagabo, alibeba abiria kwa baiskeli mpaka kifua kilipomuua. Alimfundisha hivyo: ukimkuta mzee njiani, unapiga keria nyuma yako kwa kiganja, anapanda. Huko nani alimwomba?

Nikaendelea kupepea mkaa. Nilipotazama simu tena, mkono uliacha kupepea wenyewe.

Nilimtazama Kagabo miaka mingi akipanda kilima chetu. Ukiwa na mtu nyuma, mabega yanakwenda mbele, mikono inavuta usukani, kiuno kinatulia ili abiria asianguke.

Uwera alikuwa anaendesha hivyo.

"Uko mlimani?"

"Hapana, ni tambarare." Alikuwa anahema. "Sijui... labda tairi."

"Uwera. Umembeba nani?"

"Sijabeba mtu, Mama."

Kri... kri...

Kisha keria ikalia, kama mtu anapojisogeza akae vizuri.

"Usigeuke," nikanong'ona. "Muulize anakwenda wapi."

"Mama, acha utani."

"Muulize!"

Aliuliza, kwa Kinyarwanda. Harufu ya majani yaliyooza ikajaa jikoni kwangu, ikashinda moshi. Simu haileti harufu. Najua.

"Anasema hana kwao. Mama... ameniegemea mgongoni."

Vidole vya kijivu vikatokea kiunoni mwake. Vikajishika.

Abiria huwezi kumtupa njiani gizani. Hata Kagabo, akiwa mgonjwa, hakuwahi. Lazima umfikishe kwa mtu.

"Mwambie ashuke. Mwambie kuna nyumba Kinyinya, yenye lango la bluu. Aje kwangu."

Sikufikiri. Nina mtoto mmoja.

Baiskeli iliruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Uwera akashika breki, akalia kwa sauti kubwa. Nyuma yake njia ilikuwa tupu.

Sasa anasema ulikuwa uchovu tu. Njia ile bado anapita, na wenzake kazini amewaelekeza. Krismasi hii pia haji, maana wazee wa watu hawana wa kuwaangalia.

Baiskeli ya Kagabo imeegemezwa ukutani, nyuma ya nyumba. Hakuna anayeipanda. Kila asubuhi tairi la mbele nalikuta limejaa, la nyuma limebonyea. Nalijaza upepo, naendelea na kazi.

Jana jioni nilikuwa namsugua mama mkwe mgongo. Akainua kichwa, akageuzia uso mlangoni.

"Huyo mgeni anaogeshwa lini?"

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo aliyekaa hapo nje. Mpashie maji, anatetemeka."

Keria ikalia.

Nikaongeza mkaa.