Florini ya Koko

Siku ya soko Kitengela haina njia. Watu wanajaa mpaka kwa lami, lori za simiti zinapiga honi na hakuna mtu anasonga, na vumbi inaingia mpaka kwa kikombe ya chai. Hapo nyuma ya soko Githinji alikuwa na kibanda cha skrapu: mizani ya kuning'iniza, magunia ya chuma, na kwa meza sahani ya plastiki imejaa sarafu za zamani. Kwa kipande ya mbao alikuwa ameandika na rangi nyekundu: NANUNUA CHUMA, SHABA, PESA YA ZAMANI.

Naisula alikuja na sufuria tatu zimetoboka. Alikuwa amevaa dress ya bluu ya marinda, raba nyeupe zimekula vumbi, na bangili za shanga mpaka karibu na kiwiko, kwa sababu kuuza shanga ndio kazi yake na huo mkono ndio bango. Githinji alimwona akiwa bado mbali akasahau kilo alikuwa anasoma. Mzee aliyekuwa anapimiwa chuma akamwuliza kama amelala.

"Hiyo mizani yako ni mgonjwa," Naisula akasema sufuria zilipoangikwa. "Sufuria tatu haziwezi kuwa kilo moja."

"Sufuria zako ndio wagonjwa. Ona vile zimekonda. Kwani kwenu mnapika upepo?"

"Tunapika watu wa skrapu."

Githinji akacheka, akaongeza hamsini juu ya bei. Naisula hakusema asante. Alikuwa ameinamia ile sahani, anauliza ni nani anaweza kununua pesa imekufa.

Basi Githinji akamweleza, na akieleza hiyo kitu mdomo yake ilikuwa haipumziki. Kwamba siku moja alipata sarafu ndani ya gunia ya mifereji iliyoharibika, akakaribia kuziuza kwa kilo. Kwamba alitafuta kwa simu akajua kuna watu wanakusanya pesa ya zamani kama vile wengine wanakusanya ng'ombe. Kwamba huko Westlands kuna nyumba ya mnada, unawapelekea sarafu, wanaipiga picha, wanaipatia nambari, siku ikifika watu wanashindana bei kwa mtandao mpaka ng'ambo, na nyumba inakata yake. Yeye shule aliacha Form Two, lakini hiyo mambo ameisoma mwenyewe.

Naisula alijua mnada moja tu, ule wa mbuzi Kajiado. Akauliza kama huko Westlands pia wanafungua pesa mdomo wahesabu meno. Halafu akachukua moja kwa sahani, akaigeuza.

"Koko, nyanya yangu, ako na moja kama hii," akasema. "Lakini yake ni kubwa. Na ni nyeusi kabisa."

Hivyo ndivyo Githinji alipata nambari yake ya simu. Githinji alijiambia ameitaka kwa sababu ya sarafu. Alikuwa anajidanganya, na alijua.

Wakaanza kupigiana kila saa saba, wakati Githinji amekaa juu ya gunia na Naisula amekaa na shanga zake chini kando ya kituo cha petroli. Alimwita Nai. Naisula alimwita Mizani, na akikasirika, Mgonjwa. Ikafika mahali kama hajapiga, Githinji hawezi kumeza chapati.

Ile sarafu ilikuwa florini ya fedha, ya miaka ya ishirini, uso wa mfalme upande moja na simba upande ingine. Baba ya Koko alilipwa nayo alipouza dume, akaiweka mpaka akaja kumpa Koko akiwa msichana. Wasichana wengine wa rika ya Koko walipata zao wakazitoboa, wakafanya herini. Koko hakutoboa. Aliiweka kwa kifuko cha ngozi, ikakaa humo mpaka ikawa nyeusi kama sufuria. Githinji alipotuma picha, watu wa Westlands walijibu siku hiyo hiyo. Haijatobolewa, na iko na ule weusi wake wa miaka mingi. Waliipatia nambari sitini na tatu.

Koko alikataa kuitoa miezi miwili. Alikubali mwishowe kwa sababu Naisula alitaka kibanda chake, mahali pa kuangika shanga zisikanyagwe. Lakini Koko hakuwa anamjua Githinji. Alimjua Naisula. Parsaoti, kaka yake Naisula, alisema wazi mbele ya watu wa boma, huko Kisaju, kwamba mtu wa skrapu atauza hiyo pesa na dada yake pia amuuze na kilo. Kwa hivyo Naisula alibeba hiyo florini kwa jina lake mwenyewe. Ikienda vibaya, hakuna siku Githinji angekanyaga hiyo boma kusema chenye alikuwa anataka kusema. Na alikuwa anataka kusema.

Asubuhi ya kuitoa, Naisula akafanya vile amefanya maisha yake yote kabla ya kitu kutoka kwa nyumba ya Koko. Kibuyu ya maziwa haitoki bila kusuguliwa. Kikombe haipewi mgeni kabla ya kuoshwa. Akachukua jivu, akachukua ndimu, akasugua hiyo florini mpaka jicho la mfalme likaonekana, mpaka simba akang'aa. Akaifunga kwa hanchifu mpya. Githinji alikuwa amemwambia mambo mia moja kuhusu sarafu, lakini hiyo moja, kwamba usioshe, hakuwahi kusema. Kwake ilikuwa kitu kila mtu anajua.

Alipokea hanchifu bila kuifungua, akaiweka ndani ya soksi kwa sababu ya wezi, akaenda.

Kule Westlands, dada mmoja wa nyumba ya mnada anaitwa Selpha alivaa glavu nyeupe akafungua fundo. Akaweka kioo kwa jicho, akaikagua, akaiweka florini chini.

"Nani ameosha hii?"

Githinji alisema ndio hiyo hiyo ya kwa picha. Selpha akasema anajua ni hiyo hiyo, na hiyo ndio shida.

"Huo weusi ulikuwa ngozi yake," akasema. "Mmeichuna. Watu wangu hawanunui sarafu imechunwa. Sasa ni fedha tu, ya kupimwa."

Akatoa nambari sitini na tatu kwa orodha, akamrudishia hanchifu. Githinji alikaa kwa ngazi huko nje, magari makubwa yakipita, akipanga maneno. Kabla apange simu ikalia. Alikuwa Naisula.

"Mizani, waliipenda? Uliona vile inang'aa? Niliiosha na mikono yangu. Nilisema mtu wangu hawezi kusimama mbele ya wakubwa na kitu chafu."

Ilikuwa amwambie hapo. Maneno yalikuwa kwa mdomo. Lakini sauti yake ilikuwa na furaha mpaka ilikuwa inaruka, na Githinji akaogopa kuwa ndiye wa kuizima.

"Waliipenda, bebi," akasema.

Wiki tatu aliishi hivyo. Kila saa saba simu ikilia jasho inamtoka. Naisula anauliza kama wameipiga picha ingine, Githinji anasema ndio. Anauliza kama kuna mzungu ameiulizia, anasema wawili. Akimaliza anatoa florini kwa mfuko, anaiangalia, inamwangalia. Alitafuta ingine kama hiyo, nyeusi. Hakuna mahali hakuuliza, hakupata. Akaanza kuamka usiku, na mchana kukosea watu kilo, na wateja wakaanza kusema huyu kijana amelogwa.

Siku ya mnada ilikuwa Jumamosi mchana. Naisula aliifuata kwa simu ya Jackie, rafiki yake wa duka ya chipsi, vichwa vyao vimegusana. Sitini na mbili ikaenda. Ikafuata sitini na nne. Jackie akasema labda ni mtandao. Naisula akapiga.

"Githinji." Hakusema Mizani.

"Nai."

"Sitini na tatu iko wapi?"

"Wameisukuma nyuma kidogo, unajua kuna..."

"Uliiuza kando?"

"Hapana. Haki ya mungu."

"Basi iko wapi?"

"Niko nayo."

Githinji alisikia mafuta ya chipsi ikichemka upande ule mwingine.

"Uko nayo," Naisula akasema. "Wiki tatu umeniambia wazungu wawili, na uko nayo." Akakata. Githinji alipopiga tena hakupita. Alikuwa amefungiwa nambari.

Jumatatu Parsaoti akakuja kwa kibanda. Hakupiga kelele, na hiyo ndio ilikuwa mbaya zaidi. Alisimama kando ya mizani, mrefu, jaketi ya ngozi na viatu vya mpira wa gari, akasema ametumwa kuchukua kitu ya Koko. Githinji akatoa hanchifu. Parsaoti akaifungua, akageuza florini kwa jua.

"Ya Koko ni nyeusi," akasema. "Hii mpya umenunua wapi?"

Neno moja tu lingemtoa Githinji hapo. Aseme, muulize dada yako. Lakini aliona vile ingeenda: Naisula asimame katikati ya boma akiambiwa ameharibu kitu ya Koko na mikono yake, na kila mtu akisema alimwonya. Akalimeza. Akasema ni ile ile. Parsaoti akamrudishia florini kama kitu imeoza.

"Jumamosi Koko anataka kuona pesa yake ama kukuona wewe," akasema. "Chagua."

Nyumbani Parsaoti alieleza kila kitu kwa hasira: ati kijana amejaribu kumpatia bandia, kitu inang'aa kama kijiko. Naisula alikuwa anatunga shanga. Mkono ukasimama. Inang'aa. Basi si bandia, ni ile ile yeye mwenyewe aliing'arisha. Akatoka nje, akatafuta nambari ya Westlands, akaongea na Selpha dakika tano. Aliporudi ndani hakumwambia mtu kitu. Macho yalikuwa mekundu.

Githinji alimfuata Kajiado siku ya mnada wa mbuzi, pale huwa anatandika shanga karibu na geti. Mbuzi zilikuwa zinalia, wanunuzi wanavutana mikono, harufu ya mavi na nyama choma. Githinji alikuwa amevaa shati moja tu safi alikuwa nayo. Naisula hakuinua kichwa.

"Nimeongea na Selpha," akasema. "Ati niliichuna."

"Hukujua. Ni mimi sikukuambia."

"Mbona hukuniambia baadaye?"

"Ulikuwa na furaha sana. Nikaogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ni simba?"

"Niliogopa utaacha kuniangalia vile ulikuwa unaniangalia."

Mama mmoja akauliza bei ya mshipi. Naisula akamwambia, mama akaenda. Ndio sasa akainua uso.

"Nilichagua rangi, Githinji. Wiki tatu nikipangia kibanda. Nilichagua rangi ya mlango, nikaonyesha watu wote, na wewe unaniambia kijani ni poa. Kuharibu niliharibu mimi. Lakini uongo ni wako." Akarudisha mshipi mahali pake. "Jumamosi utakuja kwa Koko. Utasema vile ilikuwa, yote. Ukidanganya hata kidogo, hata kwa kunisaidia, tumeachana hapo hapo."

Huyo kijana hakulala vizuri mpaka Jumamosi.

Boma ya Koko sasa imezungukwa na seng'enge za ploti za watu. Koko alikuwa amekaa kwa kiti ya plastiki mbele ya nyumba, shuka ya zambarau, masikio marefu, macho makali. Githinji akainamisha kichwa kama vile Naisula alikuwa amemfundisha zamani, akasalimia kwa lugha yao ya Kimaa, "Takwenya, Koko." Koko akamgusa kichwa, akaitikia "Iko." Parsaoti alikuwa amesimama kwa mlango. Naisula alikaa chini karibu na miguu ya Koko, awe wa kutafsiri, kwa sababu Kiswahili ya Koko ni ya sokoni tu.

Githinji akaweka florini kwa mkono wa Koko. Koko aliigeuza mara nyingi. Akauliza ni nani ameifanya hivi.

Githinji akamwangalia Naisula. Alikuwa anazungusha bangili, anazungusha, hamwangalii. Ule uongo mzuri ulikuwa umekaa tayari kwa ulimi: ni mimi, Koko.

"Ni Naisula aliosha," akasema. "Hakujua inaharibika, sikuwa nimemwambia. Ilikataliwa siku hiyo hiyo. Mimi nikamdanganya wiki tatu ati iko sawa."

Naisula akatafsiri, kila kitu, mpaka mahali pake. Parsaoti akatoka kwa mlango, akasogea. Koko akamwuliza mjukuu wake swali, na Naisula akajibu kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa jivu na ndimu. Koko akasema kitu kirefu, na Parsaoti, bila kutaka, akacheka.

"Anasema nini?" Githinji akauliza.

"Ati angejua nimeitoa kwa nyumba yake ikiwa chafu, angenichapa," Naisula akasema.

Lakini Koko hakuwa amemaliza. Alimwangalia Githinji mpaka Githinji akaangalia viatu vyake. Akaongea yeye mwenyewe, na Kiswahili yake ya sokoni.

"Pesa imekwisha. Hakuna mnada. Sasa wewe natafuta nini hapa?"

Githinji alikuwa amejipangia kuomba msamaha na kwenda. Hiyo swali hakuwa ameipangia.

"Namtafuta Naisula," akasema. "Hata mara ya kwanza sikuwa natafuta sarafu. Sina mnada, na kibanda yangu ni mabati sita. Lakini nataka kumuoa, kama atakubali mtu mwoga."

Hiyo Kiswahili ilikuwa mingi, Koko haikumwingia. Akamgeukia Naisula, akangoja. Naisula alikuwa amefunika mdomo na mkono wenye bangili. Alipoutoa, akamwambia Koko kwa Kimaa, polepole, neno kwa neno, mpaka yale mabati sita.

Koko akauliza kitu kifupi. Naisula akajibu kitu kifupi zaidi, akiangalia chini, na Koko akaongeza maneno.

Githinji hakuelewa hata neno. Alimwangalia Koko, uso haukusema kitu. Alimwangalia Naisula, akawa anafunga kamba ya raba. Mwishowe akamgeukia Parsaoti, na Parsaoti akanyamaza kwanza, makusudi, amwache ateseke kidogo.

"Koko amesema uanze kutafuta wazee wa kukuja nao kuposa," Parsaoti akasema.