Shingo ya Mjerumani

Pilipili hoho nyekundu zilitapakaa chini katika soko la Alhamisi, mjini Plovdiv, na mwanamume aliyezimwaga alikuwa ameshapiga magoti kuziokota.

"Samahani, dada. Macho yangu yalikuwa kwenye koti lako la kijani."

"Koti halina kosa. Angalia miguu yako."

Aliitwa Yavor, fundi wa mitambo, ametoka kuishi Ujerumani miaka mingi. Kiangazi hakijaisha, Zornitsa, yule mwenye koti la kijani, alikuwa akimwita Mjerumani wangu, naye akiitwa Zori. Yavor akapata hata kibarua cha kutengeneza feni katika maabara ya chuo alimosomea Zori.

Humo, ndani ya chupa za kioo, ndimo ulimokuwa moyo wa Zornitsa. Alichanja majani ya beladona, mmea wenye sumu, kwa bakteria wanaobadilisha vinasaba vyake. Penye jeraha ikaota mizizi laini kama nywele, inayokua bila udongo na kutoa dawa ya kichefuchefu. Ukoo mmoja tu wa mizizi hiyo ulitoa dawa ya kutosha, na shahada yake yote iliuegemea. Lakini sharti mashine izitikise chupa bila kupumzika. Zikitulia, mizizi hukosa hewa.

Ijumaa, akikimbilia basi la kwenda kwa mama yake, alimwona Yavor ng'ambo ya kioo cha maabara, juu ya ngazi, akifungua feni iliyo juu ya mashine.

"Umezima mashine ya chupa?" akapaza sauti.

Yavor akainamisha kichwa mara mbili. Zornitsa akaondoka moyo mweupe.

Jumatatu akakuta mizizi imekuwa ya kahawia, inanuka.

"Umeniua, Yavor!" alilia kwenye simu.

"Si nilikujibu nimeizima, Zori? Nilijua utaiwasha mwenyewe."

"Ulikataa! Nilikuona kwa macho yangu!"

"Nikatae nini, mpenzi?"

Akamkatia simu. Yavor alipiga, akapiga tena, haikupokelewa.

Siku moja asubuhi Zornitsa aliingia duka la mikate, akamkuta Yavor mbele yake kwenye foleni, shati halijapigwa pasi. Alitaka kutoka kimyakimya.

"Nikuwekee na mtindi?" muuzaji alimuuliza Yavor.

Yavor akainamisha kichwa. Mama yule akaurudisha mtindi kwenye friji.

"Mama, si nimekubali?"

"Umekataa, mwanangu! Hapa anayeinamisha kichwa amekataa; anayekubali hukitikisa kushoto na kulia. Kwani umezaliwa wapi wewe?"

"Mtaa wa nyuma hapo," alisema kwa unyonge. "Ujerumani imenigeuza shingo."

Zornitsa akasogea mbele. "Yavor."

Akageuka, rangi imemtoka. "Zori… imekufa yote?"

"Nimepata ncha moja nyeupe. Nimeihamishia chupa mpya. Sijui kama itaishi."

"Na mimi? Bado unanitaka?"

Zornitsa akatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia, machozi yakimlengalenga.

Yavor akaenda mlangoni. Mkono ukagandia kwenye kitasa.

"Zori… hicho kichwa ni cha Kijerumani au cha hapa?"

"Cha hapa, mjinga wangu. Thubutu kutoka uone."

Muuzaji akaweka vikombe viwili vya mtindi mezani, safari hii bila kuuliza.