Kosa la Kumi na Tano

Kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, sisi wa darasa la sita huenda kwenye kitalu cha shule. Shule yetu iko njia ya Naliendele, na huku hata mtoto anayenyonya ameshasikia habari za korosho. Tunamwagilia, tunang'oa magugu, naye Madam Farida anapita akikagua mche mmoja mmoja.

Mimi Tatu nilipangwa na Sadaf, binti wa Mzee Dawood mwenye duka. Jamani, Sadaf! Mdomo haumkauki. Akinyamaza dakika mbili, watu humuuliza kama anaumwa. Mimi naweza kumaliza siku nzima kwa "shikamoo" na "abee" tu.

Mwezi ule tulikuwa tunabebesha miche, kwa hiyo kitaluni tulikwenda kila siku ya shule. Unakata kichwa cha mche mchanga, unapachika kikonyo, yaani ncha ya tawi la mkorosho mzuri, unafunga kwa nailoni, halafu unakivisha kifuko cha plastiki, vile vya kugandishia barafu za kuuza, ili kisikauke. Kifuko hakitolewi mpaka kikonyo kichipue. Miche itakayoshika tungegawana tupeleke nyumbani. Mikorosho ya bibi yangu kule Mtawanya imezeeka, nami nilikuwa nimeshamwahidi mitano. Siku hiyohiyo akachimba mashimo matano, maskini, na mgongo wake ule.

Baada ya wiki tatu, miche ya wenzetu ilikuwa na majani mapya. Yetu ilikuwa kumi, na minane ilikuwa mikavu kama kuni. Nililia, sifichi.

"Vikonyo vya mwisho msimu huu vinakuja kesho," Madam alisema. "Siwapi mpaka mniambie mlikosea wapi, maana mtaviua na hivyo. Kila mtu akae peke yake, ajichunguze, aandike."

Kwangu ilikuwa kama sikukuu. Nilikaa ukutani nikajaza kurasa mbili. Sadaf alitafuna kalamu, akaenda kunywa maji mara tatu, akarudi na karatasi nyeupe.

"Madam, nikikaa peke yangu sioni kitu kabisa. Pengine miche yenyewe ilikuwa mibovu."

"Nyani haoni kundule!" Wasim akadakia, darasa likaangua kicheko.

"Wasim, hayakuhusu," Madam alimkata. Nilidhani sasa Sadaf atakiona cha moto. Wapi! Madam alimpa ndoo na kopo. "Weka kalamu. Mwagilia, huku ukinisimulia ulichofanya kila siku tangu tulipobebesha. Usiruke hata siku moja."

Loo, alifunguka! "Jumatano tulifunga. Alhamisi nikamwagilia chini, juu sikugusa. Ijumaa wakaja watoto wa darasa la pili, wakauliza mbona miti imevaa soksi. Nikawavulia mmoja waone, nikarudishia. Jumatatu wakaleta wenzao, nikawavulia mstari wote wa mbele. Jumanne tena..."

Akaitazama miche miwili mizima. Ilikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, usikofika mkono wake.

"Madam, ni mimi," alisema. "Nilikuwa nafunua kila siku, vikonyo vikakauka. Nimeua miche ya bibi yake Tatu."

Kisha akageuka akalisema hilohilo mbele ya darasa zima, machozi yakimtoka, Wasim akimtazama. Nilimwonea fahari. Ujasiri ule mimi sina. Ningeambiwa nisome karatasi yangu pale, ningeimeza.

Madam akaichukua karatasi yangu. "Kisu butu. Mkono ulitetemeka. Nilisahau kusema bismillahi... Makosa kumi na manne, mwanangu! Lakini hukuinuka hata mara moja kwenda kuitazama miche." Akainama karibu yangu. "Ulimwona Sadaf akifunua?"

"Nilimwona."

"Ulijua haifai?"

"Nilijua."

"Ukamwambia?"

Nikatikisa kichwa. Hilo la kumi na tano sikuwa nimeliandika.

Kesho yake alitupa vikonyo kumi, lakini kwanza alitukalisha. "Kuna mtu hujiona vizuri akiwa kimya, na mwingine hujiona akisema. Mungu ndivyo alivyowaumba, msichekane. Sadaf, ukitaka kujichunguza, tafuta mtu wa kukusikiliza, na ukiliona kosa liseme kama ulivyosema jana. Tatu, wewe hujisema sana moyoni, hata kwa yasiyokuwepo. Anayekaa na nafsi yake kwa raha asidhani ameshaijua. Muulize na mwenzako."

Tulifunga upya, safari hii tukisaidiana. Siku ya tano wale watoto wakaja tena. Sadaf akapeleka mkono kwenye kifuko, "kidogo tu, waone."

"Acha!"

Kitalu kizima kikageuka kutafuta nani amepiga kelele. Nilikuwa mimi. Sadaf akarudisha mkono, akacheka. "Asante, shoga yangu. Kumbe una sauti!"

Mvua za kwanza ziliponyesha, miche tisa kati ya ile kumi mipya ilikuwa imeshika, na mitano ikaenda kwenye mashimo ya bibi.