Jeti ya Mzee Thoya

Jioni ile nilitumwa tende. Kibibi, mke wangu, alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, na mamake alikwisha kuniambia mara tatu kwamba tende za kumlambisha mtoto hazinunuliwi siku ya mwisho. Nikanunua robo kilo sokoni Malindi, nikaitia mfukoni mwa koti la kazi. Badala ya kurudi nyumbani mtaa wa Barani, nikawasha pikipiki nikashika njia ya kijiji cha Ganda. Nilikuwa na shughuli nyingine ndogo, nayo ilikuwa jeti ya kabureta.

Mwaka ulikuwa themanini na tatu. Mimi ni fundi wa pikipiki, na rafiki yangu Karisa, fundi mwenzangu wa Kilifi, alikuwa akiifufua pikipiki ya marehemu babake, BSA ya mwaka wa hamsini na nne. Alikwisha kupata taa yake, kikanyagio chake, hata kibati cha jina cha kwenye tangi. Kilichobaki ni jeti, kile kipande cha shaba kisichozidi jino la mtu, chenye tundu jembamba la kupitishia petroli. Za kuiga alikwisha kuzijaribu, injini ikakohoa na kuzima.

"Nataka orijino, Zubeir," aliniambia. "Baba aliendesha na orijino."

Nikasikia kuna mzee Ganda, Thoya jina lake, aliyekuwa na mwana fundi zamani na bado ana kopo la spea kuukuu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Sinywi maji kwa kikombe cha mtu. Nikikuta unywele katika wali, siku hiyo sili tena, na Kibibi hunicheka mpaka machozi. Lakini kazi ina mambo yake. Fundi akishika jeti huitia mdomoni akapuliza tundu, ajue kama limeziba. Hafikiri, haulizi ilikotoka. Petroli huua kila kitu, ndivyo tulivyokuwa tukiambiana.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya makuti, peke yake nyuma ya mikanju. Jua lilikuwa linazama. Nilipozima pikipiki nikasikia mluzi mwembamba unatoka ndani.

Fyuuu... Fyuuu...

Nikadhani ni upepo katika makuti. Lakini majani ya mikanju hayakutikisika hata moja.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu." Sauti ilikuwa ya kunong'ona.

Nilipoinama kuingia, harufu ikanipiga. Ilikuwa harufu ya chungu cha nyama kilichosahauliwa siku tatu, na ndani yake utamutamu fulani. Mzee alikuwa ameketi kitandani, mwembamba, nywele nyeupe pepepe, amejifunga leso mdomoni kama mwenye maumivu ya jino. Nzi walikuwa wamejaa juu ya leso ile. Hakuwafukuza.

"Shikamoo, mzee. Natafuta jeti ya BSA."

"Marahaba." Hakwenda kwenye kopo lolote. Alitia mkono mfukoni mwa shati akaitoa. "Itazame kwanza."

Nikaisogeza mlangoni penye mwanga. Nambari yake inasomeka, mizingo yake ya kukazia mizima. Orijino! Furaha ikanijaa, nikamwona Karisa akicheka. Na hapo mkono wangu ukafanya kazi yake.

Nikaitia mdomoni nikapuliza.

Fyuuu...

Mle ndani mluzi ukakoma.

Kitu laini, baridi, kama konokono aliyetolewa gambani, kikapita juu ya ulimi wangu kikaenda kukaa nyuma kabisa. Nikatema. Nikatema tena. Yalitoka mate matupu.

Mzee akafungua leso polepole. Akavuta pumzi ndefu, macho yamefumbwa, pua ikichezacheza.

"Mwanangu... hizo ni tende?"

Alishuka kitandani akaja mwenyewe kuutoa mfuko wa karatasi katika koti langu. Akala. Hakutafuna, alimeza, pamoja na kokwa, utomvu ukimtiririka kidevuni na machozi juu yake. Alilamba karatasi. Kisha alilamba vidole vyangu, Wallahi, na mimi nimesimama pale kama gogo.

"Pesa sitaki," akasema. "Nenda."

Nikaenda, jeti mkononi. Njia nzima nilisikia mluzi, na safari hii ulikuwa karibu. Nilifunga mdomo. Haukukoma.

"Tende ziko wapi?" Kibibi aliniuliza mlangoni. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, kiganja puani. "Yarabi, Zubeir! Mbona wanuka mdomo hivi? Umekula panya?"

Nilicheka. Nilisugua meno kwa mswaki wa mti mpaka fizi zikatoka damu. Nikatafuna karafuu, iliki, majani ya mpera. Nikasukutua ndimu, chumvi, mwishowe mafuta ya taa. Usiku ule Kibibi alilala kwa mamake, chumba cha pili. Mimi nikakaa macho, nikijisikia ninavyonuka.

Siku ya pili nzi wakanijua. Wali niliotia mdomoni uligeuka unyevunyevu wa nywele, nikautapika uani. Siku ya tatu ulimi ukagusa kitu katikati ya magego, nikakishika kwa vidole, nikavuta... kikaja, kikazidi kuja, kirefu, kimelowa ute wa kijivu. Kilikuwa unywele mweupe.

Mimi sina mvi.

Mganga wa meno aling'oa jino zima bure. Maalimu wa chuo cha Kurani alinisomea kwa mbali, kisha akaniomba radhi akatoka nje. Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa roho ni tumbo la Kibibi. Mtoto akitoka, mimi ndimi wa kumwadhinia sikioni, mimi ndimi wa kulainisha tende kwa meno yangu na kumpaka kaakaani. Kitu cha kwanza mwanangu atakachosikia na kuonja duniani kingetoka katika mdomo huu.

Nikarudi Ganda mchana wa jua kali. Nilimkuta mzee Thoya nje, amenawiri, anakula muhogo wa kuchoma na papa, mafuta yamempaka mashavu.

"Nilijua utarudi," alisema. "Kaa upande ule, tafadhali. Wanuka."

Nusura nimpige. Nilimuuliza kitu gani alichonitia mdomoni.

"Sikukutia mimi, umejitia." Akamenya muhogo. "Mutsai, mchawi aliyetaka kumdhuru mwanangu Dena, aliwajua mafundi, bwana. Chakula hakukigusa. Aliipaka jeti uchawi, akaiacha juu ya meza ya kazi."

"Nani huyo?"

"Ningemjua, si ningempa yeye?" Akavunja kipande kingine. "Dena akaoza mdomo yu hai. Hali, hanywi. Nikasema, mimi mzee, nimekula vya kutosha. Nikaichukua jeti ile nikaipuliza. Akapona papo hapo."

"Yuko wapi sasa?"

"Taveta. Ana wake wawili." Akatafuna. "Mwaka wa sita huu hajaja kunitazama. Hakuweza kukaa na harufu yangu."

Nikamuuliza dawa yake. Akasema haina dawa wala kombe la aya. Hutoka kwa pumzi ya mwingine, akiipuliza jeti kwa mdomo wake, na ukimwambia hapulizi. Ukiitupa, basi, umebaki nayo wewe mpaka kaburini.

"Mke wangu yuko mwezini mwake," nilisema, na sauti yangu ilipiga mluzi.

Hapo aliacha kula.

"Mtoto mchanga usimpumulie, mwanangu. Yeye hahitaji jeti. Kwake pumzi yatosha."

Nilimchukia mzee yule kuliko nilivyopata kumchukia mtu. Amekaa pale na mafuta yake kidevuni, na shida yake iko kinywani mwangu! Nilimwambia ni mnyama. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na papa wake.

Karisa alikuja siku mbili baadaye, asubuhi, Kibibi ameshaanza uchungu. Nilisimama upande wa mbali wa karakana, leso mdomoni.

"Vipi, ndugu? Jino?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaisukuma jeti juu ya meza kwa bisibisi.

"Orijino!" Aliiokota, akaigeuza juani. Alikuwa na macho ya mtoto aliyeletewa zawadi. "Zubeir, wewe si rafiki. Wewe ni ndugu wa tumbo moja."

Nilikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha. "Usi..." na yangekwisha.

Akaitia mdomoni.

Nilinyamaza.

Fyuuu...

Kinywa changu kikawa chepesi. Nilisikia ladha ya mate yangu mwenyewe, safi, na nikasikia harufu ya petroli, na ya kahawa kutoka barazani kwa jirani. Karisa alikunja uso akatema.

"Petroli yako ni mbovu," alisema akicheka. Akaondoka na jeti yake.

Adhuhuri Kibibi alizaa mwana. Nilimwadhinia sikio la kulia, nikamkimia la kushoto, sauti imetoka kama ya muadhini wa Msikiti wa Ijumaa. Nikatafuna tende mpya nikampaka kaakaani, akafyonza kidole changu. Mama mkwe alilia kwa furaha. Tukamwita Amin. Na mimi nilikwenda chooni nikatapika tende yote, maana nilijiona nilivyo, na nilichokiona kilinitia kinyaa kuliko unywele ule.

Siku ya arubaini ya mtoto tulipika pilau. Nilikuwa uani nikigeuza sufuria nilipousikia mlio wa BSA ukiingia mtaani. Injini ilikuwa imetulia kama saa. Kila mlio mmoja mahali pake. Niliujua uzuri wake, na mikono ikaniganda juu ya mwiko.

Kisha nikasikia mtoto analia barazani, na sauti ya Kibibi, "Karibu shemeji. Mbona umekonda hivi?"

"Jino, shemeji. Jino tu. Nipe nimbebe huyo, nizoee. Jedida wangu naye yuko mwezini mwake."

Nilitupa mwiko. Nilipofika barazani Karisa alikuwa amemwinua mwanangu mpaka usawa wa uso, uso uliobaki macho na mifupa. Nzi wawili walikuwa wakizunguka leso yake. Amin alikuwa akilia, na Karisa, kama kila mtu afanyavyo kumnyamazisha mtoto, akaishusha leso ili ampulizie utosini.

Fyu...

"USIMPUMULIE!"

Nikampokonya. Mtoto aliangukia kifuani mwangu, nikamtia mikononi mwa Kibibi, nikawasukuma ndani wote wawili. Karisa alibaki na mikono hewani.

"Nimefanya nini, ndugu?"

Ningeweza kumwambia aende zake. Mwanangu alikuwa salama. Lakini yule Jedida nilimwona moyoni, tumbo lake, na Karisa akiinama kwenye sikio la mtoto wake kumnong'oneza jina la babu yake, kama alivyokuwa akiniapia kwamba atafanya. Nikaiendea BSA. Injini ilikuwa moto, nikafungua kabureta kwa vidole vitupu, ngozi ikibaki kwenye chuma. Nikaitoa jeti. Nikamtazama Karisa, nikaitia mdomoni.

Nikapuliza.

Konokono akarudi mahali pake.

Karisa alivuta pumzi. Alivuta tena, akaweka kiganja mbele ya mdomo, akajinusa. Harufu ya pilau ilimfika, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Kisha akanitazama.

"Zubeir... ulijua?"

Niliziba mdomo kwa kiganja. Angepumua harufu yangu.

Aliondoka kwa miguu. Pikipiki ya babake aliiacha pale pale, na hajapata kuja kuichukua. Nasikia Jedida alizaa msichana, mzima, mnene.

Huu ni mwaka wa sita. Nalala karakanani, na chakula huachiwa mlangoni. Kibibi hunisalimu kutoka dirishani, naye ni mwema, hashiki pua ila akidhani simwoni. Amin ameanza chuo. Jana alipita na wenzake, nikasikia mmoja anamuuliza yule mzee wa nzi ni nani. Mwanangu alisema hanijui.

Nimeandika haya kwa sababu kusema siwezi, watu hukimbia harufu. Jeti iko ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo, rafuni, imefunikwa. Leo asubuhi alikuja fundi mmoja wa Mambrui, Abdalla, mcheshi, ana BSA ya hamsini na tano na amezunguka pwani nzima akitafuta orijino. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba sina.

Akasema si neno, kesho atapita tena, huenda nikakumbuka nilipoiweka.

Na mimi, baada ya yeye kuondoka, nimeiteremsha jeti rafuni. Nimeifuta kwa kitambaa, polepole, mpaka ikang'aa. Sijairudisha koponi.