Ubao wa Wasumbufu

Bibiana alikuwa amelala kifudifudi katikati ya maboksi yake, kisogo kimepasuka. Pasi ya mkaa iliyomuua ilikuwa imerudishwa rafuni, imefutwa vizuri, na kibandiko chake cha bei bado kinaning'inia.

Inspekta Irine alisimama mlangoni mwa lile duka dogo la Mikumi, malori ya barabara kuu yakinguruma nyuma yake, akaomba moyoni kwamba hakuna atakayemtambua. Ni ombi la ajabu kwa askari aliyeshuka kwenye gari la polisi kutoka Kilosa, lakini sababu alikuwa nayo. Juu ya meza ya kufungia mizigo ilibandikwa karatasi yenye kichwa cha habari kilichoandikwa kwa wino mzito: WASUMBUFU. Chini yake yalikuwapo majina kumi na manne, na la kumi na moja lilikuwa lake.

Watu wa Mikumi na Kilosa walimjua Bibiana kwa mnada wake wa WhatsApp. Kila Jumamosi alirusha picha za vyombo na mashine zilizotumika, watu wakapandishiana dau mpaka saa kumi jioni, na mshindi akatumiwa mzigo wake. Aliyeshinda kisha akaingia mitini, au aliyelalamika kwamba kilichomfikia si alichokiona pichani, alipelekwa ubaoni. Jina na picha yake viliwekwa kwenye grupu, watu mia nne wakajichekea.

Irine alinunua blenda, ikafika mbovu, akalalamika. Bibiana alimjibu kwamba yeye alituma nzima. Jioni ileile inspekta mzima alijikuta ubaoni kati ya fundi baiskeli na mwalimu wa chekechea, na kwa wiki mbili hakukanyaga kantini ya kituo. Hasira za siku zile hazikuwa zimemwisha bado, na sasa mwenye ubao alikuwa amelala miguuni pake. Aliona haya.

Daktari alisema pigo lilikuwa moja tu, kutoka nyuma, kati ya saa nne na saa saba mchana. Mtaalamu wa alama za vidole hakupata kitu kwenye pasi. Happyness, mama lishe wa jirani aliyeukuta mwili, ndiye aliyekuwa na la kusema. Asubuhi alikuja mzee mmoja na kichwa cha cherehani ndani ya kiroba, wakagombana na Bibiana mpaka wateja wa chai wakaacha vikombe. Kichwa chenyewe kilikuwa bado mezani, kimepinduliwa juu chini.

Mzee huyo alikuwa Cleopa, fundi cherehani mwenye asili ya Mamboya, aliyefungua kibanda chake karibu na stesheni ya Kilosa. Kabla jua halijazama alikuwa mahabusu. Ushahidi aliutoa mwenyewe siku tatu nyuma, kwa sauti yake kwenye grupu, alipomwambia Bibiana kwamba atamjua yeye ni nani. Sasa grupu lilikuwa linachemka, na wapo waliokuwa wanaulizana kibanda cha huyo mzee kiko upande gani ili wakakichome.

Jumamosi asubuhi Irine aliketi naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa kwanza kunisalimia tangu jana."

"Ulimtishia marehemu."

"Nilikuwa na hasira. Niliona pichani mashine nzuri, nikaletewa chuma chakavu. Mimi nakula kwa mashine, mwanangu."

"Uliondoka Mikumi saa ngapi?"

"Saa tano, na basi la Costa la kurudi huku."

"Nani alikuona?"

"Costa nzima. Lakini simjui mtu hata mmoja kwa jina."

"Mliachana kwa ugomvi?"

"Hapana. Aliipindua ile mashine, akaitazama chini kwa muda mrefu. Halafu akasema, baba, nisamehe, nenda nyumbani, nitakupigia."

"Alikuwa anatazama nini?"

"Sijui. Chini hakuna kitu."

Aliyasema bila kuapa. Irine alitoka mle chumbani. Afande Mudathir, mkuu wa upelelezi wa wilaya, alitaka mzee afikishwe mahakamani Jumatatu asubuhi, na kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu wa umri ule anaweza kuzeekea mahabusu akisubiri upelelezi ukamilike.

Kuna kitu kilichomsumbua Irine tangu jana. Katika droo ya Bibiana alikuta kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, kimebaki nusu. Kucha za marehemu hazikuwa na rangi. Alimpigia Happyness, naye akamwambia kwamba Bibiana alikuwa mlokole, hata hereni hakuwahi kuvaa.

Jibu lilikuwa kwenye simu ya marehemu. Bibiana alirekodi video ya kila mzigo alipokuwa anaufunga, bila kukata. Alitaja tarehe na jina la mnunuzi, akakizungusha kifaa pande zote, kisha akakipindua na kukitia chini nukta ndogo ya rangi ya kucha. Katika video mojawapo alicheka, akasema hiyo ni dawa ya wanaonunua kizima na kurudisha kibovu chao. Hakumwambia mtu siri hiyo. Cherehani ya Cleopa ilitiwa nukta karibu na bawaba. Iliyokuwa mezani haikuwa nayo.

"Basi mzee kabadilisha," alisema Mudathir. "Kakamatwa na nukta, kaua. Funga jalada."

Ilisikika kweli kabisa. Irine alikwenda nyumbani kula, akaisukuma sahani pembeni. Aliinuka, akapanda kwenye stuli, akaishusha blenda yake kutoka juu ya kabati alikoitupa. Video yake aliiona kwa macho yake asubuhi ileile: nukta nyekundu, chini, upande wa kushoto. Aliipindua blenda mara mbili. Chini palikuwa peupe.

Alikaa sakafuni. Kati ya wasumbufu kumi na wanne, alikuwa na hakika na mmoja tu kwamba hakubadilisha kitu. Huyo ni yeye.

Kumweleza Mudathir kulimgharimu. Alisimama mbele ya meza ya bosi wake, akakiri kwamba jina lake lilikuwa kwenye ubao wa marehemu na kwamba alipaswa kusema tangu Ijumaa. Kisha akaeleza kwamba blenda aliyoletewa haina nukta, na yeye hakubadilisha kitu.

"Kwa hiyo shahidi wako ni blenda."

"Ndiyo, afande."

"Nitakuandikia barua ya kujieleza, na utaijibu. Nani alikuwa anabeba mizigo?"

Mizigo ya kuja Kilosa ilibebwa na mtu mmoja, kwa kirikuu, kigari chake kidogo cha mizigo: Nickson, mdogo wake Bibiana wa tumbo moja. Wakati ule alikuwa msibani Mikumi, akipanga viti na kupokea rambirambi.

Jumapili asubuhi walikwenda na mwenyekiti wa kitongoji kupekua chumba cha Nickson. Njia nzima Irine aliomba ile mashine halisi ya Cleopa iwe haijauzwa. Ikiwa imeshakwenda Morogoro, hana kitu, na mzee Cleopa anakwenda gerezani. Kabatini hapakuwa na kitu. Juu ya dari hapakuwa na kitu pia, na mwenyekiti alianza kuangalia saa. Chini ya kitanda, nyuma ya suti mpya iliyofungwa kwenye nailoni, koplo alivuta kitu kizito kilichoviringishwa kwa kanga. Irine alikipindua mwenyewe. Nukta ilikuwa karibu na bawaba.

Walimchukua Nickson msibani bila pingu, na kituoni akaandikwa maelezo ya onyo. Alikana kwa nusu saa. Irine alipoiweka mashine mezani chini juu, akamwonyesha video, aliacha kukana.

"Dada yako alijuaje?"

"Alinionyesha ya mzee, haina alama. Akasema wale wote hawakuwa waongo. Mwongo ni mimi."

"Ukamfanya nini?"

"Nilipiga magoti, afande. Nikamwambia nitarudisha kila nilichobadilisha, tuyamalize sisi wawili, ni dada yangu."

"Akasemaje?"

"Akasema amewaaibisha watu kumi na wanne mbele ya watu mia nne kwa ajili yangu, hawezi kuwaomba radhi chumbani. Akageuka, akachukua simu, akaanza kuandika."

"Kuandika nini?"

"Jina langu."

Alifuta uso kwa mkono wa shati. Leo Jumapili, alisema, ndiyo siku aliyopanga kupeleka barua ya posa. Baba wa binti alikuwamo kwenye grupu, na shangazi zake wote. Nickson ndiye aliyepeleka mizigo kwa wale watu miezi yote ile. Aliwaona walivyokuwa baada ya picha zao kutoka, mwalimu mmoja mpaka akaomba uhamisho.

"Nilitaka asibonyeze tu," alisema. "Pasi ilikuwa karibu."

Alisema baadaye alilifuta lile jina kwenye simu kama alivyoifuta pasi, kisha akaweka sahihi kila ukurasa. Kule nje koplo alisikika akifungua mahabusu na kumwita mzee Cleopa achukue viatu vyake. Irine alifunga jalada, akasimama. Mikumi walikuwa wanajiandaa kwenda makaburini, na alidhani Nickson angeomba kumzika dada yake.

"Afande," Nickson alimwita. "Picha yangu wameshaiweka kwenye grupu?"